Kwa Nini Behewa la Koili za Chuma ni Fupi Hivyo

Katika reli za Ujerumani, Austria, Ubelgiji na Uholanzi hupita behewa moja la mizigo ambalo ni rahisi kulidharau. Ni fupi, mita 12.04 tu kutoka bafa hadi bafa, yaani vile vikingio vya mgongano vilivyo kwenye ncha zake, ilhali mengine ya ekseli nne katika treni hiyo hiyo hukaribia mita 20. Juu yake pana turubai lililotandazwa kwenye matao ya chuma, au vifuniko vya bati vinavyoingiana. Likifunuliwa, mara nyingi ndani kuna vitu vitatu vya duara vilivyokaa mbalimbali, na katikati yao ni uwazi mtupu. Mtu aliyezoea kuona malori yetu yakisheheni hadi juu ya keria atasema hawa watu wanabeba hewa. Kumbe behewa limejaa. Ukiongeza kimoja tu cha nne, halina ruhusa ya kuondoka.

Vitu hivyo ni koili, yaani ukanda wa bati la chuma ulioviringishwa, wenye upana wa mita moja na kitu. Hivi ndivyo chuma chembamba kinavyosafiri duniani tangu vinu vya kukandamiza chuma mfululizo vilipoanza Marekani katika miaka ya 1920 na kuvuka bahari hadi Ebbw Vale, kusini mwa Wales, mwaka 1938. Bati la paa lilianza kama koili. Kopo la nyanya, mlango wa gari na ubavu wa friji navyo ni hivyo hivyo. Viwanda vyetu vya mabati, kama Mabati Rolling Mills pale Mariakani au ALAF ya Dar es Salaam, hupokea koili. Migongo ya bati na rangi vinakuja baadaye.

Tupige hesabu, maana bila hesabu behewa hili halieleweki. Chukua koili yenye kipenyo cha nje cha mita 1.8, tundu la katikati la sentimita 76, na upana wa mita 1.2. Ujazo wa chuma chake ni kama mita za ujazo 2.5. Mita moja ya ujazo ya chuma ina tani 7.85. Basi koili hiyo moja, ambayo kwa kimo haimpiti sana mtu mzima, ina karibu tani 20. Kama bati lake lina unene wa milimita 0.7, ukilikunjua lote utapata ukanda wa karibu kilomita 3.

Mizigo mingi hujaza behewa kabla haijalichosha. Pamba, godoro, hata nafaka: nafasi huisha, uzito bado. Koili ni kinyume chake. Uzito huisha mapema sana na nafasi hubaki nyingi, na karibu kila kitu cha ajabu katika behewa hili kinatokana na jambo hilo.

Reli ndiyo inayoamua urefu

Njia kuu nyingi za Ulaya ziko katika kundi linaloitwa D4. Herufi na tarakimu hiyo zinabeba masharti mawili. La kwanza, ekseli moja isikandamize reli kwa zaidi ya tani 22.5. La pili, uzito wote wa behewa ukigawanywa kwa urefu wake usizidi tani 8 kwa kila mita. Sharti la kwanza linalinda reli na mataruma. La pili linalinda madaraja, kwa sababu daraja refu halihesabu ekseli moja moja. Linabeba kila kilicho juu yake kwa wakati mmoja.

Behewa la ekseli nne, kwa hiyo, haliruhusiwi kuzidi tani 90 pamoja na mzigo. Gawanya 90 kwa 8: unapata mita 11.25. Huo ndio urefu mdogo kabisa ambao behewa lenye tani 90 linaweza kuwa nao bila kuvunja sharti la daraja. Mita 12.04 ziko juu ya hapo kidogo tu, na zinatoa tani kama 7.5 kwa mita. Aliyelichora alilisogeza hadi karibu na ukuta akaacha nafasi ya kupumua.

Kwa nini asilifanye refu kwa usalama zaidi? Kwa sababu kila mita ya ziada ni chuma cha fremu kinachobebwa bure, na uzito wa behewa tupu unakatwa kwenye zile tani 90. Isitoshe, fremu fupi haipindi kirahisi, jambo muhimu unapoweka tani 20 juu ya eneo dogo. Mabehewa 25 ya namna hii yana urefu wa mita 301 na, yakijaa, uzito wa tani 2,250. Mara nyingi injini na viunganishi vya skrubu vya Ulaya ndivyo vinavyofika kikomo; reli za kuegeshea treni stesheni bado zina nafasi.

Ukisimama kando ya behewa utaona limeandikwa Shimmns. Neno hilo halitamkiki, lakini kila herufi ina kazi. S kubwa inasema ni behewa bapa la namna ya pekee lenye bogi, yaani zile toroli mbili za magurudumu manne, moja kila mwisho wa behewa. h ni koili zinazolala ubavu. i ni kifuniko kinachosogezwa, chenye kuta za mwisho zisizosogea. mm inasema sehemu ya kupakia ni fupi kuliko mita 15. n inasema linabeba zaidi ya tani 60. s ya mwisho ni ruhusa ya kwenda kilomita 100 kwa saa. Ukikutana na Sahimms, ile a imeongeza ekseli ziwe sita, na kikomo chake kwenye reli hiyo hiyo ni tani 135.

Karibu na maandishi hayo kuna jedwali dogo jeupe, na binafsi naliona ndilo lenye faida kuliko yote. Juu limeandikwa A, B, C, D, chini yake tani. Ni makundi ya njia. Tuseme behewa tupu lina tani 22.5. Kwenye njia ya D4 linaruhusiwa kubeba tani 67.5. Kwenye njia ya C, ambako ekseli ni tani 20, mzigo unashuka hadi 57.5 au chini ya hapo. Kwenye A, yenye ekseli ya tani 16 na tani 5 tu kwa mita, unabaki karibu 37.7. Behewa ni lile lile na koili ni zile zile, lakini kiwanda kilichoko mwisho wa tawi la reli la zamani kinaweza kukosa koili moja nzima katika kila behewa. Mwenye kiwanda hulipa gharama hiyo kila siku, mara nyingi bila kujua kwamba chanzo chake ni kalvati fulani la karne iliyopita.

Ndani ya hori

Behewa hili halina sakafu ya kawaida. Mahali pa sakafu pana mahori matano yaliyokingama kutoka ubavu hadi ubavu. Kila hori lina kuta mbili zinazoshuka na kukaribiana. Koili huwekwa ikiwa imelala, tundu lake likitazama pembeni mwa njia, na hukaa juu ya kuta hizo mbili bila kugusa kitako.

Hapo kwenye kutogusa kitako pana siri kubwa. Koili iliyoning'inia katika kuta mbili imebanwa na uzito wake mwenyewe. Kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyojikaza. Koili ndogo mno ikitumbukia hadi chini, uzito wote unapita katika mstari mmoja, kuta zinabaki mapambo, na koili iko huru kuyumba mbele na nyuma. Ndiyo maana ubavuni mwa behewa huandikwa kipenyo kidogo na kikubwa kinachoruhusiwa kwa kila hori. Mpakiaji anayesema "hii ndogo itakaa tu" amekosea kuhusu ile hasa iliyo hatari, kwa sababu macho humwambia kwamba nyepesi ndiyo salama.

Tuchukue kuta zenye mteremko wa nyuzi 35 na tuirudie koili yetu ya mita 1.8. Inagusa kila ukuta sentimita 16 juu ya usawa wa tumbo lake. Hata kama ukuta ungeishia pale pale inapogusa, kuitoa horini kunadai koili nzima inyanyuke hizo sentimita 16. Si nyingi, mpaka ukumbuke kwamba zinanyanyuliwa tani 20.

Sasa njoo kwenye nguvu za kuisukuma. Kwenye mteremko wa nyuzi 35, msukumo wa ubavuni unaofikia asilimia 70 ya uzito wa koili unatosha kuanza kuipandisha. Kanuni za upakiaji za shirika la kimataifa la reli, UIC, humtaka mpakiaji ategemee msukumo wa mbele na nyuma unaofikia uzito mzima wa mzigo, kwa mzigo ambao una nafasi ya kuteleza. Msukumo huo hautokani na kusimamisha treni njiani. Treni ya mizigo hufunga breki polepole. Unatokana na stesheni ya kupangia mabehewa, pale behewa linapoachiwa litelemke lenyewe na kugonga wenzake. Kwa hesabu ya kitu kilichosimama, basi, hori limeshindwa: asilimia 100 ni kubwa kuliko 70.

Kinachookoa ni muda. Kishindo cha bafa kwa bafa hudumu sehemu ndogo ya sekunde. Koili huanza kupanda, na kabla haijafika popote kishindo kimekwisha, nayo inarudi chini. Ili ipande sentimita 16 zote ingehitaji kupewa mwendo wa karibu kilomita 6.4 kwa saa kuhusiana na behewa, kabla ya kuhesabu msuguano. Na hiyo ndiyo sababu koili nyingi zinazosafiri hivi hazifungwi minyororo wala mikanda ya kuzishikilia kwenye behewa. Mgeni hushtuka akiona chuma cha tani 20 kimewekwa tu. Kwa kweli mkanda wa kawaida ungeongeza kidogo sana, na kufunga na kufungua kungemla mpakiaji saa nzima, huku akipanda juu ya chuma chenye mafuta.

Kuta za hori hupigwa mbao ngumu au plastiki nzito. Kazi yake ni kulinda ngozi ya nje ya koili isikwaruzwe, na pia kuongeza msuguano. Bati lililopakwa mafuta juu ya chuma kitupu huteleza vibaya.

Kwa upande wa kushoto na kulia hadithi ni nyingine. Huko koili haiviringiki, inateleza kufuata urefu wa hori. Nguvu ni ndogo zaidi, kanuni zinahesabu nusu ya uzito, lakini hori lenyewe halizuii lolote upande huo. Kwa hiyo kuna mikono ya chuma, miwili kwa kila koili, inayosogezwa hadi iguse ubavu wa koili na kufungwa kwa kipini. Mikono hiyo inazuia pia ugonjwa ambao kila mtu wa viwanda vya bati anaujua: matabaka ya ndani kuanza kuchomoza nje moja baada ya jingine, kama antena ya redio inavyovutwa. Koili ikishachomoza hivyo, ndoano ya kreni haiingii vizuri, kingo za bati zinapinda, na mteja anaikataa. Ukipita ukaguzi wa mwisho kabla ya treni kuondoka, jambo la kutazama ni hilo: mkono umegusa au umeachwa wazi kwa vidole viwili? Vidole viwili ndivyo vinavyogeuka kuwa kishindo kwenye kona.

Wamarekani wengi walichagua kinyume. Mabehewa yao mengi ya koili yana hori moja refu linalofuata urefu wa behewa, tundu likitazama mbele na nyuma. Hapo koili inaweza kuviringika kwenda pembeni tu, ambako nguvu ni ndogo, na hilo ni jema. Lakini vishindo vya kupanga treni sasa vinaisukuma kufuata mhimili wake, ule ule wa kuchomoza matabaka, hivyo lazima ziwekwe nguzo za kukingama kati ya koili na koili. Faida yake kubwa ni kwamba hori refu halichagui sana: unaweza kupanga koili za upana mbalimbali bila kuhesabu zimo ngapi. Kwa mtazamo wangu, kama mzigo ni wa aina moja kila siku, mahori ya kukingama ya Ulaya ni bora. Kama kila treni inakuja na mchanganyiko, Wamarekani wamewahi. Kwao uzani si tatizo lile lile: behewa la ekseli nne linaruhusiwa kufika ratili 286,000, karibu tani 130.

Koili tatu, mahori mawili tupu

Kujua kikomo cha tani 67.5 hakutoshi. Swali ni zimekaa wapi. Koili tano za tani 13 zinajaza mahori yote na kutoa tani 65. Koili tatu za tani 22 zinatoa 66, zikikaa katika hori la kwanza, la tatu na la tano. Kuziweka zote tatu pamoja katikati kungeikunja fremu hata kama jumla ni ile ile, na kwa sababu hiyo ubavuni huandikwa tena tani zinazoruhusiwa kwa kila urefu wa katikati: kadiri eneo linavyokuwa fupi, ndivyo tani zinavyopungua.

Kosa la upande wa pili ni kuegemeza. Kanuni za UIC zinataka bogi moja isibebe zaidi ya mara tatu ya mwenzake, na gurudumu la upande mmoja wa ekseli lisizidi la upande mwingine kwa zaidi ya robo. Fikiria koili moja ya tani 30 imewekwa moja kwa moja juu ya bogi ya mbele, na nyuma hakuna kitu. Bogi ya mbele ina tani 41.25 ukijumlisha nusu ya behewa. Ya nyuma ina 11.25. Uwiano ni zaidi ya tatu na nusu. Hakuna ekseli iliyozidi tani 22.5, jumla iko chini sana ya kikomo, na bado behewa hilo halitakiwi kwenda popote, kwa sababu bogi nyepesi hupanda reli kirahisi kwenye kona iliyopinda na kuinama. Ongeza koili ya tani 10 nyuma, mambo yanakaa sawa. Hapa unaona jambo linalowachanganya wengi: behewa linaweza kuwa salama zaidi likiongezewa uzito.

Maji ndiyo sababu ya kifuniko

Kama chuma kinastahimili tani na moto, turubai la nini? Jibu linategemea koili imefika hatua gani. Koili iliyotoka kwenye kinu cha moto, nyeusi na yenye magamba, haihitaji anasa hiyo. Kutu ya juu itaoshwa kwa asidi kiwandani pamoja na magamba yenyewe. Tena mara nyingine hupakiwa ikiwa bado ina joto la kuunguza turubai, maana koili ya tani 20 huchukua siku kadhaa kupoa. Hizo husafiri katika mabehewa ya wazi.

Zilizopita kinu baridi, zikapata uso laini, au zilizopakwa zinki, ni suala jingine. Adui si mvua inayoonekana kutiririka juu, bali ile inayonyonywa kati ya tabaka na tabaka. Nafasi ya hapo ni nyembamba kiasi kwamba maji huvutwa ndani yenyewe na hayatoki. Bati la kawaida linaota madoa ya kutu yatakayoonekana kupitia rangi ya gari. Bati la zinki, ambalo mtu angedhani liko salama, linaweza kuharibika vibaya zaidi. Zinki ikiwa hewani hujitengenezea ngozi ya kujikinga kwa msaada wa hewa ya ukaa. Kati ya matabaka yaliyobanana maji yapo ila hewa hiyo haifiki, basi zinki inageuka unga mweupe mzito unaochubuka. Mafundi huuita kutu nyeupe. Fundi wa mabati yeyote aliyehifadhi bunda nje wakati wa masika ameshauona.

Kifuniko kinazuia mvua. Hakizuii umande, na hapa ndipo maelezo mengi ya haraka yanapoharibika. Koili iliyolala usiku kwenye nyuzi 5 ikaingizwa katika ghala lenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70 itatoa jasho papo hapo, kwa sababu hewa hiyo huanza kuacha maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 19. Na koili haipati joto haraka. Kuipandisha nyuzi 15 tu koili ya tani 20 kunahitaji nishati sawa na uniti 40 za umeme, na joto hilo lazima lipenye kutoka hewani. Wenye uzoefu huiacha ilivyo, imefunikwa na kufungwa, mpaka ilingane na ghala ndipo wafungue karatasi zake. Kifuniko cha behewa chenyewe hakizibwi kabisa kwa sababu hiyo hiyo: hewa inapaswa kupita, la sivyo unyevu ulioingia asubuhi unanyeshea mzigo jioni.

Unaweza kuuliza kwa nini wasiifunge kila koili kwa plastiki na kuachana na behewa la gharama. Kwa koili inayovuka bahari hufanya hivyo, tena kwa karatasi maalumu na ganda la chuma. Lakini koili nyingi za reli hutoka kiwanda kimoja kwenda kingine cha kampuni ile ile, safari ya saa chache. Kuifunga na kuifungua kila moja ni kazi, takataka na siku iliyopotea. Behewa lenye paa linafanya kazi ya kifungashio kwa miaka mingi.

Paa hilo lina namna tatu. Turubai la matao husukumwa hadi mwisho mmoja na mtu mmoja aliyesimama chini, na linafungua karibu theluthi mbili za behewa kwa wakati mmoja. Vifuniko vya chuma vinavyoingiana hufungua kiasi hicho hicho, ni vizito na ni ghali, ila havichaniki ndoano ya kreni ikivigonga. Cha tatu ni cha Marekani: kifuniko kizima hunyanyuliwa na kreni na kuwekwa chini pembeni. Ni rahisi mno, na matokeo yake hutokea kile unachotarajia mahali ambapo vifuniko kadhaa vimewekwa chini kwa pamoja. Behewa la kampuni moja huondoka na kofia ya kampuni nyingine, yenye rangi tofauti, na hakuna anayejisumbua kuirudisha.

Kusini mwa Wales

Mahali pazuri pa kuona mfumo mzima ukifanya kazi ni Port Talbot. Kiwanda cha pale, kilichofunguliwa mwaka 1951 kwa jina la Abbey Works, kiko baharini, na koili zake husafiri kwa treni kwenda Llanwern karibu na Newport, Trostre inakotengenezwa bati la makopo, na Shotton kaskazini mwa Wales inakopakwa zinki na rangi. Safari nyingine ni za mabehewa ya wazi, nyingine za yaliyofunikwa, kulingana na hatua ya bati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya reli ya EWS iliagiza kwa kazi hii mabehewa ya aina ya BYA yenye vifuniko vya kuingiana, yaliyojengwa na Thrall katika jiji la York. Reli za Uingereza huruhusu ekseli ya tani 25.5 kwenye njia kuu, hivyo haya hufika tani 102.

Tanuri mbili za mwisho za kuyeyushia madini pale Port Talbot zilizimwa mwaka 2024, ya pili tarehe 30 Septemba. Wengi walidhani treni za koili zingekufa nazo. Hazikufa, kwa sababu vinu vya kukandamiza na viwanda vya kupaka havikufungwa. Chuma sasa huletwa kwa meli wakati tanuri la umeme likijengwa. Treni za koili huunganisha hatua za kazi, na hatua hizo zinaweza kuendelea hata chuma chenyewe kikipikwa nchi nyingine. Gharama ambayo haijawahi kuondoka ni safari ya kurudi. Behewa lenye mahori matano halibebi saruji wala makontena. Linakwenda na tani 67 na kurudi na hewa, na bei ya kwenda lazima ilipie kurudi.

Na huku kwetu

Afrika Mashariki koili nyingi hutoka bandarini kwa lori. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, kwa hiyo trela hubeba koili moja kubwa au mbili za wastani, na kukutana na mizani kila baada ya kilomita kadhaa. Reli yenyewe sasa si kikwazo. SGR ya Kenya ilijengwa kwa ekseli ya tani 25 na ya Tanzania kwa tani 35, zote juu ya zile 22.5 za Ulaya. Reli za zamani zenye upana wa mita moja ndizo zenye shida: ukichukulia ekseli ya tani 15, behewa zima lina tani 60, na ukiondoa uzito wake zinabaki koili mbili za kawaida.

Kinachokosekana ni mambo mawili yasiyohusu uimara wa reli. La kwanza ni reli kuingia hadi ndani ya kiwanda, chini ya kreni. Koili inayopakiwa kwenye treni bandarini, ikashushwa stesheni, ikapandishwa lori kwa kilomita chache za mwisho, imeshikwa mara mbili zaidi ya lazima, na kila kushikwa ni nafasi ya kuvunja ukingo. La pili ni mzigo wa kutosha wa aina moja. Behewa la mahori hulipa likienda kila siku kati ya sehemu mbili zile zile. Bila hivyo linaota kutu lenyewe.

Njia ya katikati ni kontena la futi 20 juu ya behewa bapa. Kontena hubeba kama tani 28, yaani koili moja ya tani 20 au mbili ndogo. Shida ni kwamba sakafu yake ni mbao juu ya vipande vyembamba vya chuma vilivyokingama, na koili iliyolala inaibonyeza kwa mstari mmoja. Kwa hiyo huwekwa juu ya fremu ya magogo, na magogo ya chini lazima yalale kwa urefu wa kontena ili yagawe uzito kwa vyuma vingi vya sakafu. Yakilazwa kwa kukingama, uzito wote unaangukia chuma kimoja au viwili. Halafu koili inafungwa pande zote kwa mbao zilizokatwa kufika kwenye kuta na nguzo za pembeni, maana humo hakuna hori wala mikono ya chuma, na mlango wa kontena haukuundwa kuzuia tani 20. Anayepokea kontena la namna hii Mariakani au Dar es Salaam afungue mlango mmoja kwanza, wa kulia, asimame pembeni yake, na achungulie kama mbao bado zimesimama kabla hajagusa komeo la pili.